Shamsia na Chumba cha Sauti na Picha

Nyasho, Musoma
9 Novemba 2023

Kaka yangu Yunusu,

Assalaam alaikum wewe na wifi Mwanaupe na wote mliopo nyumbani. Mimi mzima, ila mafua ya upepo wa ziwa hayajaniacha tangu mwezi uliopita. Mjomba Luqmani alipita hapa kutoka Mugango na samaki furu wa kukaanga. Akasali adhuhuri, akala furu wale wale aliowaleta, akasifu mapishi, akaondoka. Ndivyo alivyo na hatabadilika sasa. Wewe unasema simu ya dukani inasikiwa na kila mteja, basi na mimi nakuandikia, na barua nampa kondakta wa basi la Bunda. Usipoipata umlaumu yeye.

Nina habari ya kazini. Chuo chetu, Chuo Kikuu cha Ziwa Mashariki, kimepata kitu kipya, nacho kimewekwa chini yangu, yaani nimekabidhiwa kukifuta vumbi. Kinaitwa Kituo cha Rasilimali za Sauti na Picha. Kwa jina hilo utadhani ni jengo. Ni chumba kimoja cha maktaba, nyuma ya rafu za magazeti. Ndani kuna runinga pana kama mkeka, kompyuta, hedifoni, kinasa sauti, kamera, na masanduku ya filamu na mihadhara ya masomo: saikolojia ya elimu, ukunga, namna ya kuunganisha miche ya miembe, mpaka ndama anavyogeuzwa tumboni. Vitu vizuri kabisa. Wafadhili walivilipia ili mwanafunzi asiyeelewa kwa kitabu aone na asikie.

Siku ya ufunguzi mgeni rasmi alikata utepe, akavaa hedifoni ambayo ilikuwa haijachomekwa popote, akatikisa kichwa, akasema sauti ni safi sana. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikuwa nimeshika waya wake mkononi, Kaka. Nami nikapiga makofi.

Kesho yake Daktari Bernado, Mkurugenzi wetu wa Maktaba, akafunga mlango. Alisema wanafunzi wana mikono michafu. Anayetaka kuingia alete kibali chenye saini ya mkuu wa idara, ya mshauri wa wanafunzi na ya Mkurugenzi mwenyewe, na Mkurugenzi mwenyewe wiki nyingi yuko Dodoma kwenye semina. Kwa hiyo runinga imekaa na plastiki yake kama sofa la mtu anayesubiri wakwe. Mimi nina ufunguo wa kufagilia. Naingia, nafagia sakafu ambayo haijakanyagwa, natoka.

Sasa neno lililonifanya nishike kalamu. Mwanao Shamsia, tangu aingie mwaka wa pili hajanikanyagia hapa hata kunisalimu. Juzi jioni nilimwona karibu na geti la maktaba, nikamwita kwa jina. Aligeuka upande ambao sikuwepo, akasimama kidogo, kisha akaendelea na njia yake amemshika rafiki yake bega. Nilidhani ananikwepa. Lakini Shamsia si mtoto wa kukwepa watu. Kuna jambo nyumbani?

Nijibu usinicheleweshe.

Dada yako,
Safina


Bunda
2 Januari 2024

Kwa dada Safina,

Wa alaikum salaam. Barua yako ilifika zamani. Sikujibu kwa sababu Desemba kila mzazi wa Bunda anakumbuka sare za shule kwa siku moja. Huku pamba bado iko shambani, mvua inakuja inapojisikia, na mama Hana jirani yetu amejifungua mapacha wa kiume, wanalia kwa zamu. Mwanaupe anakusalimia. Usishangae mwandiko ni wake. Mkono wangu wa mkasi umeshikwa na baridi yabisi, kwa hiyo mimi nasema yeye anaandika.

Kwa hiyo chuo kimenunua runinga. Hongereni. Hapa stendi kuna vibanda vinaonyesha sinema tangu asubuhi mpaka umeme ukatike, vijana wamekaa humo miaka, na sijamwona hata mmoja akitoka na digrii. Sisi tulisomaga kwa ubao wenye ufa katikati. Mwalimu akifika kwenye ufa anaruka, anaandikia upande wa pili, na sisi tuliruka naye na tukaelewa. Mtoto anayetaka aonyeshwe picha na apigiwe sauti ndipo aelewe, huyo hataki kusoma. Huyo Daktari wenu aliyefunga mlango simjui, lakini kwa hilo ana akili kuwazidi nyote.

Habari ya Shamsia. Hakuna jambo nyumbani. Mwaka wa kwanza alifeli masomo mawili, sasa anayarudia. Ukimuuliza anasema maandishi ya vitabu vyao ni madogo. Msahafu aliousomea madrasa ulikuwa na maandishi madogo vilevile, na aliuhitimu, na watu walikula pilau hapa hapa. Ni uvivu. Mwache, usimdekeze, maana wewe huna mtoto na unawezaga kumharibu wa mwenzako kwa huruma.

Kuna watu wa Kisorya wameleta maneno. Kijana wao anaitwa Fahadi, ananunua dagaa ng'ambo Ukerewe, ana heshima. Nimewaambia wasubiri. Matokeo ya Machi yakiwa kama ya mwaka jana, Shamsia harudi huko kwenye sinema. Ataolewa na tutapumzika wote.

Kaka yako,
Yunusu


Nyasho, Musoma
20 Januari 2024

Kaka yangu,

Salaam nyingi. Pole na mkono. Mapacha wa mama Hana waombewe afya, na mama yao aombewe usingizi. Huku tuko salama, isipokuwa bei ya sato imepanda, na watu tunaoishi ufukweni tunakula maharage tukiangalia ziwa.

Nilitaka nikujibu kuhusu ubao wenye ufa, nina mengi ya kusema, lakini nitayaacha.

Jumanne ya wiki iliyopita, jioni, umeme ulikatika maktaba. Wanafunzi wakawasha tochi za simu wakatoka kwa makelele kama kawaida yao. Nikapita kwenye meza kuangalia madirisha, nikamkuta Shamsia amekaa peke yake kwenye kiti, mikono juu ya kitabu, uso umeelekea mbele. Nikamuuliza anangoja nini. Akasema, "Shangazi, nasubiri watu watoke, nisije nikawakanyaga." Alinitambua kwa sauti, Kaka. Nilikuwa nimesimama mbele yake na tochi. Nikamshika mkono kumtoa, na kwenye ngazi ya mlangoni, anayoipita kila siku, akakosea akaniangukia.

Tulikaa kibarazani mpaka umeme uliporudi, akanieleza yote. Giza likiingia haoni kabisa. Mchana anaona kama mtu anayechungulia kwenye bomba: kilichopo katikati anakiona, pembeni hakuna kitu. Akisoma anaupoteza mstari, akiutafuta anasahau aliposoma. Anaishi na binti mmoja wa Butiama anaitwa Wambura, mtoto wa Mzee Magige, Wakatoliki, watu wa ng'ombe. Huyo Wambura akimaliza kusoma vyake humsomea Shamsia kwa sauti, naye anashika kichwani. Hayo masomo aliyofaulu amefaulu kwa masikio. Ndiye huyo unayemwita mvivu.

Nikampeleka kwa daktari wa macho. Akamwekea dawa, akammulika, akatuambia ugonjwa uko nyuma ya jicho, ni wa kurithi, huanza na giza, miwani haiusaidii, na utaendelea. Akaniuliza ni nani mwingine katika ukoo. Nikamjibu papo hapo bila hata kufikiri, nikasema: mama yetu.

Unakumbuka tulivyokuwa tunasema. Mama ni mtu wa haya, hatoki baada ya magharibi. Watu wa Bunda walimsifu kwa hilo. Hata imamu alimsifu. Hakuwa na haya kuliko wanawake wengine, alikuwa haoni. Nilitaka nimpeleke Mwanza, ukasema ni mapenzi ya Mungu na kwamba namtangaza Mama kuwa kipofu. Kisha jioni ile akatoka kuanua nguo kabla ya mvua, akaangukia shimo la choo kipya ulilokuwa unachimbisha, nyonga ikavunjika, hakuinuka tena. Ukawaambia watu ni presha. Siku ya arobaini nikasema kweli mbele ya wageni, ukaniamuru ninyamaze au nitoke. Nikatoka. Ndiyo sababu sijafika Bunda tangu siku hiyo, na si kazi nyingi kama ninavyowaambia watu.

Sasa sikiliza nilichofanya. Nina ufunguo wa kufagilia. Nimeutumia. Nimeivua runinga plastiki yake, nimemkalisha Shamsia, nimemfungulia mhadhara wa saikolojia ya elimu, kozi ile ile aliyofeli. Alisikiliza, akarudisha nyuma, akasikiliza tena pale pale, akacheka peke yake. Akaniambia alikuwa hajui kwamba mwalimu anaweza kurudishwa nyuma. Na Wambura nimempa kinasa sauti. Kitabu ambacho hakina sauti yeye anakisoma, tunakihifadhi kwenye kompyuta, na mwingine akikihitaji anakikuta. Wameshaanza kuja wengine, wanaingia kimya kama wezi kwenye chumba kilichonunuliwa kwa ajili yao.

Wewe ulijua, Kaka. Ulikaa na Mama miaka yote ile. Nijibu hilo tu, dagaa wa Kisorya wataoza wakingoja.

Safina


Bunda
21 Machi 2024

Kwa Safina,

Ramadhani njema. Funga ya mwaka huu ina joto, watu wanagombana sokoni kwa sababu ya tende. Mapacha wa mama Hana mmoja aliugua homa akapona. Cherehani yangu ya zamani nimeiuza, ilikuwa inakula uzi.

Barua yako niliisikia. Mambo ya Mama yalizikwa naye, na asiyejua kuheshimu kaburi hata akisoma vyuo vyote atabaki mtupu. Macho ya Shamsia yamechoshwa na simu, kama ya vijana wote. Daktari ukimpelekea mtu lazima amkute na ugonjwa, ndiyo biashara yake.

Umechukua ufunguo wa watu ukafungua chumba cha watu. Wakikufukuza usiniandikie. Wewe siku zote ulionaga kwamba kila mlango uliofungwa umefungwa kwa ajili yako.

Matokeo nimeyasikia. Kafeli somo moja. Watu wa Kisorya watakuja baada ya Idi kubwa, nimeshawapa neno langu.

Yunusu

Wifi Safina, kuanzia hapa ni mimi Mwanaupe, yeye hajui. Amekwenda msikitini. Nasema amekwenda, lakini amekwenda ameshika ukuta, na mimi nimesimama mlangoni mpaka nimemwona ameingia. Hana baridi yabisi. Mkono wake ni mzima kuliko wangu. Haoni. Sindano namtungia mimi, vitambaa nampangia mimi, na juzi nilikwenda shambani nikarudi nikakuta ameshona koti jeusi la mwalimu mkuu likiwa na mkono mmoja wa buluu. Mwalimu alidhani anatukanwa. Wateja wamehamia kwa fundi wa ng'ambo ya barabara. Cherehani hakuiuza kwa sababu ya uzi.

Nilipomsomea barua yako nilifika pale pa Mama na shimo akainamisha kichwa. Nikadhani amelala. Baadaye akaniambia, rudia hapo. Nikarudia. Akasema, basi, andika habari za Ramadhani.

Shamsia kafeli moja, lakini manne mengine kafaulu, na moja kati yake ni hilo la saikolojia. Hilo kaka yako hakutaka niandike. Nifanyeje, wifi? Anakaa dukani kutwa na kufungua redio, anagombana na watangazaji.

Mwanaupe


Nyasho, Musoma
30 Mei 2024

Kaka yangu Yunusu,

Salaam, na mkono wa Idi ingawa nimechelewa. Natumai baridi yabisi imepungua. Wifi, Mungu akuzidishie subira kwa yote unayoyaandika na unayoyasoma. Mjomba Luqmani alikuja na sangara mzima, sasa anadai kuondoka na kichwa.

Nimechelewa kuandika kwa sababu nilikuwa na kesi. Daktari Bernado alirudi kutoka Dodoma, akapita nyuma ya rafu za magazeti kumwonyesha mtu chumba, akakuta kimejaa wanafunzi. Hakuwauliza wanasoma nini. Aliangalia runinga. Nikaitwa mbele ya kamati ya nidhamu, watu wazima wenye shahada, chai mezani na maandazi. Shtaka la kwanza lilisomwa na yeye mwenyewe.

"Nani alikuruhusu kuondoa plastiki?"

Nikasubiri nikidhani anatania. Hakuwa anatania. Nikamjibu, "Mheshimiwa, plastiki hatukuinunua, tulipewa bure juu ya runinga." Kuna mmoja alikohoa. Wengine waliandika. Wakaniuliza kama nafahamu kwamba hedifoni zikitumika zinachakaa. Nikasema nafahamu, hata viti vya kamati vinachakaa, na humo hakuna anayejifunza kitu. Najua, Kaka, mdomo wangu. Niliupata kwa watu wa nyumba moja na wewe.

Kabla hawajaandika hukumu, wafadhili wakaja bila kupiga simu. Walitaka kuona chumba kinavyosaidia wanafunzi. Kama runinga ingekuwa bado na plastiki, siku hiyo Daktari Bernado angeeleza plastiki. Lakini walikuta kijana wa kilimo, Ryoba, anarudia filamu ya kuunganisha miche na kisu cha kweli mkononi na kijiti cha mwembe, wakunga wamejibana mbele ya skrini, na Shamsia na hedifoni anaandika kwa kalamu nene ya wino mweusi kwenye karatasi kubwa. Mgeni mmoja akamuuliza kilichomleta. Akasema, "Humu ndani ndimo ninamoweza kusoma." Basi. Sikumfundisha kusema hivyo.

Daktari Bernado akawaeleza kwamba huo ni mpango wake tangu mwanzo, kuwajali wenye mahitaji maalumu. Alisema vizuri mpaka mimi mwenyewe nikaanza kuamini. Picha zilipigwa, ziko ubaoni. Mimi simo, nilitumwa kutafuta maji ya kunywa. Wiki hiyo hiyo yeye alipata barua ya pongezi na mimi nikapata ya onyo. Nimehamishiwa magazeti. Nakaa nje ya mlango ule ule, nafungua magazeti ya jana. Chumba sasa kiko wazi kila mchana bila kibali, kwa sababu wafadhili wamesema watarudi, na hawakusema lini. Hiyo ndiyo busara pekee niliyoiona kwa mtu yeyote mwaka huu.

Kuhusu mitihani, niliandika ombi Shamsia asomewe maswali na aongezewe muda. Walijibu kwamba hiyo ni sera ya chuo tangu zamani. Hakuna aliyewahi kuisikia.

Wambura alikwenda kwao Butiama likizo fupi na kinasa sauti, akaendelea kusoma kitabu cha historia ya elimu huko huko. Nimesikiliza. Kila ukurasa kuna ng'ombe wa Mzee Magige anatoa maoni. Mama yake, Matrida, amesikika kabisa akiuliza huyu mtoto anagombana na nani. Mhadhiri alitaka tuifute, eti si ya kitaaluma. Wanafunzi wanaiomba kuliko zote, wanasema kwa ile hawasinzii.

Sisemi zaidi kuhusu barua yangu ya Januari. Nilichouliza nimeuliza.

Shamsia akija likizo atakuja na flashi. Kuna mihadhara, kuna vitabu alivyosoma Wambura, na kuna filamu tuliyompiga darasani akifundisha, maana wanaosomea ualimu sasa tunawarekodi wakifundisha, halafu wanajitazama na kuona aibu, ndiyo masomo yenyewe. Redio ya dukani nasikia ina tundu la flashi. Mwache asikilizie hapo. Wewe usijisumbue, ni mambo ya shule, na umeshasema hayafai.

Safina


Bunda
12 Septemba 2024

Kwa dada yangu Safina,

Assalaam alaikum. Huku wazima. Pamba imenunuliwa kwa bei ya kutukanana. Mapacha wa mama Hana wameanza kusimama, mmoja akisimama mwenzake anamwangusha, tayari ni watu wazima. Mwanaupe anaandika, mimi nasema. Safari hii sitaji mkono wangu.

Nakueleza kama yalivyokuwa. Shamsia alikuja na hiyo flashi yako akaichomeka kwenye redio. Siku ya kwanza nilimwambia apunguze. Siku ya pili nilimwambia aongeze, nilikuwa sisikii vizuri kutokea kwenye meza. Nimesikiliza mhadhara wa saikolojia wote. Yule mwalimu ni mtu wa kujisikia. Anasema kitu kimoja mara tatu kwa maneno matatu, halafu anasema "kwa kifupi". Lakini yale ya mtoto kuogopa kusema kosa lake, akaanza kulificha kwa hasira, hayo nimeyarudia. Yule wa Butiama anasoma vizuri, ila anakimbia kama mtu anayefukuzwa. Mwambie avute pumzi kwenye nukta. Wateja wawili wameanza kuja kusikiliza, wanasingizia vifungo.

Watu wa Kisorya walikuja, kijana Fahadi na baba zake wawili. Tulikula, tukanywa soda. Wakaanza maneno ya kuzunguka, na mimi nikawakatiza. Nikawaambia, "Macho ya binti yangu yanakwisha, kama yalivyokwisha ya mama yangu. Mama yangu alianguka shimoni kwa sababu alikuwa haoni na mimi nilikuwa sitaki isemwe. Ninyi nawaambia kabla hamjatoa kitu."

Shamsia alikuwa nyuma ya pazia, alisikia, na mimi nilijua anasikia. Baba mkubwa wa Fahadi akasema Mungu ndiye mponyaji, akauliza kivuko cha mwisho ni saa ngapi. Mtu wa Kisorya ananiuliza mimi wa Bunda saa ya kivuko cha kwao. Waliondoka kama watu waliotajiwa bei ya ng'ombe mzima walipokuja kununua utumbo. Hawajarudi. Kijana alipiga simu mara moja akaongea na Shamsia, walichosema sikukiuliza. Mwanaupe anasema Shamsia alicheka, kisha alilia, kisha aliomba chakula.

Matokeo unayajua kabla yangu. Kafaulu yote isipokuwa takwimu, atarudia. Takwimu hata mimi nimeisikiliza humo, ile haifai kwa macho wala masikio. Mwezi ujao anarudi chuo.

Uliniuliza Januari kama nilijua. Nilijua. Tangu nikiwa mdogo nilijua, maana mimi ndiye niliyekuwa namshika mkono kwenda uani, na aliniambia nisiseme. Baadaye ikawa ni mimi ninayejiambia. Siku ya arobaini ulisema kweli na nilikutoa nyumbani kwa baba yako. Andika hivyo hivyo, Mwanaupe, usipambe.

Kuna jambo la hiyo filamu. Mwanaupe aliiweka kwenye simu yake, akanishikisha sikioni. Alinieleza Shamsia amevaa baibui jeusi, amesimama mbele ya ubao, anafundisha ngeli. Mimi nilikuwa nasikia tu. Mwanzoni kuna viti vinakwaruza na mtoto wa watu anacheka. Shamsia hakupaza sauti. Aliuliza swali, akasubiri. Wakanyamaza wote. Safina, mimi katika nyumba hii sijawahi kunyamazisha watu namna hiyo bila kupiga meza. Niliomba irudishwe nyuma, nikausikiliza tena ule ukimya.

Daktari wako Bernado usigombane naye. Mwache apigwe picha. Watu kama yule ni kama plastiki yake, kazi yao ni kufunika, siku moja wanavuliwa. Wewe kaa hapo mlangoni na magazeti yako, uangalie nani anaingia.

Nataka uje Bunda kabla Shamsia hajarudi chuo, umfuate hapa mwondoke pamoja. Hakuna mtu atakayekuambia unyamaze. Ukija panda basi la asubuhi. La jioni usipande, maana nataka nikupokee stendi mwenyewe, na jioni mimi sioni.

Kaka yako,
Yunusu